Mbwa yumo kwenye mkataba, mwenye nyumba mpya anasema atoke: uchambuzi wa kisa kimoja cha upangaji

Kisa chenyewe kiko hivi. Dada mmoja kapanga fleti kwenye jengo la ghorofa, mkataba wa mwaka mzima, umeandikwa na kusainiwa na pande zote mbili, na kabla hajahamia alisema wazi kabisa kwamba anaishi na mbwa, tena mbwa mkubwa. Mwenye nyumba wa wakati huo, mzee mmoja mstaarabu, alimwona yule mbwa kwa macho yake, akaridhika, na ikaandikwa. Kifungu cha 9 kinasema: "Mpangaji anaruhusiwa kukaa na mbwa mmoja wa rangi ya kahawia aliyeonyeshwa kwa mwenye nyumba, mradi asiwe kero kwa wapangaji wengine." Wakaishi vizuri tu. Mwezi wa tano mzee akauza jengo, na haikupita muda ikaingia meseji kwenye grupu la WhatsApp la wapangaji, kaiandika ajenti wa mwenye nyumba mpya:

"Habari wapangaji wote. Kwa maelekezo ya mmiliki, kuanzia tarehe mosi mwezi ujao wanyama wa aina yoyote hawaruhusiwi kwenye jengo. Mwenye mnyama amtoe kabla ya tarehe hiyo. Atakayetaka kubaki naye atalipa ada ya kila mwezi juu ya kodi. Atakayekaidi mkataba wake utavunjwa. Asanteni kwa ushirikiano."

Dada akanitumia hiyo meseji pamoja na picha za kurasa zote za mkataba, swali lake likawa moja tu, kaka hivi kweli wanaweza kunilazimisha?

Majibu ambayo watu hupeana kwenye hali kama hii ni mawili. Kuna wanaosema nyumba ni yake bwana, anaamua anavyotaka, na kuna wanaosema hawezi kukugusa, we kaa hapo hapo usijibu kitu. Yote mawili yanamponza mpangaji. La kwanza linamfanya mtu amtoe mnyama wake aliyeishi naye miaka wakati sheria iko upande wake, na hilo linaniuma sana maana mbwa mzima hapati makao mapya kirahisi, wengi wanaishia barabarani au wanaishia kuuawa. La pili linamfanya mtu akae kimya wakati kimya chake kinahesabiwa.

Sasa tuisome ile meseji polepole, maana ndani yake kuna mambo matatu yaliyobanana kama jambo moja. Kuna marufuku (mnyama atoke), kuna ada mpya (lipa ubaki naye), na kuna tishio (mkataba utavunjwa). Kila moja lina jibu lake, na ukiyajibu yote kwa pumzi moja utakosea.

Kitu cha kwanza kabisa nilichomuuliza, kabla ya habari za mbwa, ni mkataba wako unaisha lini. Watu wanaruka hapo wakati ndo penye uzito wote. Mkataba wa muda maalum, mfano mwaka mmoja kuanzia tarehe fulani mpaka tarehe fulani, unawafunga wote wawili kwa muda huo, mpangaji hawezi kuamka akasema kuanzia kesho nalipa nusu ya kodi, na mwenye nyumba naye hawezi kuamka akasema ile ruhusa niliyokupa nimeifuta. Kubadilisha sharti la mkataba katikati ya safari kunahitaji pande zote mbili zikubali. Huu ni msingi wa sheria ya mikataba karibu kila mahali na wala hautegemei kama sheria ya nchi inapenda wanyama au haiwapendi. Mkataba wa mwezi kwa mwezi ni habari nyingine kabisa na nitaufikia, kwa sababu kwenye jengo hilo hilo kulikuwa na mama mwenye paka wawili aliyepata meseji ile ile na mambo yake yakaenda tofauti sana.

Dada akaniuliza, lakini huyu mpya hatukusainiana naye chochote, si anaweza kusema mkataba wa yule mzee haumhusu? Hapana. Anayenunua nyumba yenye wapangaji kwa kawaida anainunua pamoja na mikataba iliyomo, anachukua haki ya kupokea kodi na anachukua pia ahadi alizotoa aliyemtangulia. Ujerumani wameliandika hilo moja kwa moja kwenye kifungu cha 566 cha sheria yao ya madai, mnunuzi anaingia kwenye nafasi ya mwenye nyumba wa zamani na haki zake na wajibu wake. Kwingine ni kanuni ya sheria ya ardhi, na kuna nchi zinazodai mkataba mrefu usajiliwe ndo umfunge mnunuzi, kwa hiyo mwenye mkataba wa miaka mingi akaangalie hilo mapema. Kwa mkataba wa mwaka mmoja, mpangaji akiwa anaishi ndani na anaonekana, mara nyingi hapo hakuna mgogoro. Kitu ambacho mpangaji anatakiwa afanye jengo likiuzwa ni kuhakikisha ana nakala yake mwenyewe ya mkataba. Dada alikuwa nayo. Wapangaji wengine wawili kwenye ghorofa ya chini yake nakala zao zilikuwa kwa yule mzee, na mzee keshahama.

Haya, sasa tuje kwenye kifungu cha 14, maana ajenti alipoulizwa mara ya kwanza alijibu kwa kujiamini, "someni kifungu cha 14". Na kweli kipo. Kinasema: "Mpangaji atazingatia kanuni za jengo kama zitakavyotolewa na mwenye nyumba mara kwa mara kwa ajili ya usafi, usalama na utulivu wa jengo." Ukikisoma haraka unaona imekwisha, amekubali kufuata kanuni zozote zitakazokuja, na hii ni kanuni imekuja. Hapa ndo wapangaji wengi wanakata tamaa, na mi nadhani ndo sehemu inayohitaji kusomwa kwa utulivu kuliko zote, kwa sababu mikataba mingi ya nyumba ina kifungu cha namna hii.

Anza na maneno yenyewe. Hakisemi kanuni zozote, kinasema kanuni kwa ajili ya usafi, usalama na utulivu. Kwa hiyo kanuni ya kwamba mbwa afungwe kamba akiwa kwenye ngazi, asiachwe peke yake kwenye korido, kinyesi kiokotwe papo hapo, asipandishwe lifti ikiwa na mtoto anayeogopa, zote hizo zinaingia humo vizuri na dada anapaswa kuzifuata hata kama hakuwahi kuziona wakati anasaini. Hizo zinasema mbwa aishije. Ile meseji haisemi mbwa aishije, inasema asiwepo kabisa, na kuwepo kwake tayari kulishakubaliwa kwa kifungu chake pekee chenye maelezo mpaka ya rangi. Kwenye kusoma mikataba kuna kanuni ya zamani ambayo wanasheria wa nchi nyingi wanaitumia, kwamba kifungu kinachozungumzia jambo mahususi kinakishinda kile cha jumla vikigongana. Cha 9 ni mahususi, cha 14 ni cha jumla. Na kuna nyingine tena, kwamba maneno yenye utata yanasomwa dhidi ya aliyeyaandika, na mkataba huu uliandikwa na upande wa mwenye nyumba, mpangaji aliletewa asaini tu.

Zipo pia sheria za kulinda mlaji. Umoja wa Ulaya wana mwongozo wao wa mwaka 1993 juu ya vifungu visivyo vya haki, na miongoni mwa vifungu unavyovitaja kuwa vya kutiliwa shaka ni kile kinachompa mfanyabiashara uwezo wa kubadili masharti peke yake bila sababu ya msingi iliyotajwa ndani ya mkataba. Mwaka 2013 mahakama ya Umoja huo ikasema mwongozo huo unahusu pia nyumba za kuishi pale mwenye nyumba anapopangisha kama biashara. Yaani hata kama kifungu cha 14 kingeandikwa kwa upana kuliko kilivyo, kwamba "mwenye nyumba anaweza kubadili sharti lolote wakati wowote", kuandikwa tu hakukifanyi kiwe halali.

Ada sasa. "Atakayetaka kubaki naye atalipa ada ya kila mwezi juu ya kodi." Watu wengi wangelipa, na naelewa kwa nini, unaona bora nilipe niishi kwa amani. Lakini tazama kinachotokea ukilipa. Kodi imetajwa kwenye mkataba kwa kiasi chake na kwa muda wake, ada ambayo haikuwepo ni nyongeza ya kodi iliyovaa jina jingine, na ukiilipa mwezi wa kwanza na wa pili bila kusema neno, umeanza kujenga ushahidi kwamba umekubali mabadiliko. Na sio ya ada peke yake, hata ile marufuku, kwa sababu ada inalipwa kama msamaha wa marufuku, na anayelipa msamaha amekiri kwamba marufuku inamhusu. Nilimwambia dada alipe kodi ile ile iliyo kwenye mkataba, siku ile ile, kwa njia inayoacha kumbukumbu, na kwenye maelezo ya malipo aandike "kodi ya mwezi fulani kwa mujibu wa mkataba". Asichelewe hata siku moja. Mwenye nyumba anayetafuta sababu halali ya kuvunja mkataba hataitafuta kwa mbwa, ataitafuta kwenye kodi.

Kwenye ada nchi zinatofautiana. Uingereza, upande wa England, sheria ya mwaka 2019 kuhusu ada za wapangaji inamkataza mwenye nyumba kutoza malipo yoyote yasiyo kwenye orodha ya yanayoruhusiwa, ada ya mnyama haimo, na dipoziti yenyewe imewekewa ukomo wa kodi ya wiki 5 kwa nyumba nyingi. Marekani huko majimbo mengi yanaruhusu ada ya mnyama, lakini lazima iwe imekubaliwa, huwezi kuiangusha katikati ya mkataba wa muda maalum.

Tishio la kuvunja mkataba halikunisumbua sana. Mkataba unavunjwa kwa sababu zilizoandikwa ndani yake au zilizo kwenye sheria, na kufuata kifungu cha 9 hakuwezi kuwa kuvunja mkataba. Na hata pale ambapo sababu ipo kweli, nchi nyingi zinadai notisi halali na amri ya mahakama au baraza la nyumba kabla mtu hajatolewa. Kubadilisha kitasa, kukata maji, kukata umeme, kumtoa mbwa mpangaji akiwa kazini, hayo ni makosa ya mwenye nyumba hata angekuwa na haki kwenye mengine yote.

Lakini kuna sehemu ambayo dada alikuwa dhaifu na ilibidi tuizungumze bila kufichana. Kifungu cha 9 kina mkia, "mradi asiwe kero kwa wapangaji wengine". Nikamuuliza, anabweka? Akanyamaza kidogo, akasema akiachwa peke yake mchana anabweka, jirani wa chini keshawahi kulalamika mara mbili, na mtoto wa ghorofa ya pili anamwogopa. Basi hapo ndo palikuwa na kesi halisi ya mwenye nyumba kama angekuwa na busara ya kuitumia. Sio "nimebadilisha sheria", bali "hujatimiza sharti uliloahidi". Tofauti yake ni kubwa, kwa sababu ya kwanza haimfungi dada na ya pili inamfunga. Ontario, Kanada, ndo mfano mzuri wa mpaka huu: sheria yao ya upangaji ya mwaka 2006, kifungu cha 14, inasema sharti la kukataza wanyama kwenye mkataba wa nyumba ya kuishi ni batili, halina nguvu hata ukisaini, lakini sheria hiyo hiyo inamruhusu mwenye nyumba kwenda kwenye bodi ya upangaji kuomba mpangaji aondolewe kama mnyama husika kaharibu utulivu wa wengine, kamsababishia mtu mzio mkali au ni hatari. Mwenye nyumba aje na ushahidi wa mnyama huyu, sio wa wanyama kwa ujumla. Ufaransa wamekuwa na jambo kama hilo tangu sheria ya tarehe 9 Julai 1970, sharti la kumzuia mtu kukaa na mnyama wa nyumbani linahesabiwa kama halikuandikwa, mradi mnyama haharibu jengo wala kuwasumbua waliomo, na mbwa wa mashambulizi wanaweza kukatazwa.

Kwa hiyo kabla ya kuandika barua yoyote dada akaanza na kero yenyewe. Akapanga mtu wa kumtembeza mbwa mchana, akahamisha kitanda cha mbwa kutoka chumba cha barazani, ambako alikuwa anasikia kila anayepanda ngazi, akampeleka chumba cha nyuma. Akashuka kwa jirani wa chini, akamwomba radhi, akamwachia namba yake, "mama ukimsikia anabweka nitumie meseji muda huo huo, nijue". Jirani akafurahi sana kuombwa radhi. Mi naamini hatua hii ilimsaidia kuliko vifungu vyote nilivyovitaja hapo juu, kwa sababu malalamiko ya jirani yakipungua mkia wa kifungu cha 9 unabaki hauna wa kuuvuta. Na akaandika kwenye daftari tarehe za hayo yote.

Halafu jibu. Kwenye grupu wenzake walikuwa wanajibu "sawa", wengine wanaweka dole gumba. Dada naye alikuwa ameshaanza kuandika "sawa mkuu nimeelewa", kwa adabu tu, kuonyesha kwamba ameiona. Nikamwambia futa. Mtu anaweza kudhani nakuza mambo lakini mwaka 2023 mahakama moja ya jimbo la Saskatchewan, Kanada, iliamua kwamba alama ya dole gumba ambayo mkulima alimtumia mnunuzi wa mazao baada ya kutumiwa picha ya mkataba wa kitani ilitosha kuhesabika kuwa saini yake, akaonekana kavunja mkataba na akaamriwa kulipa, na rufaa yake ikakataliwa mwaka uliofuata. Haina maana kila dole gumba ni saini, kwenye kesi ile walikuwa na historia ya kufanya biashara kwa majibu mafupi mafupi. Ila kwenye grupu la wapangaji ambako ajenti amezoea kutangaza mambo na watu kujibu "sawa", unaona mwenyewe inavyoweza kufika huko.

Akajibu pembeni, kwa imeili, kwa ajenti na nakala kwa mwenye nyumba. Naiweka karibu yote hapa, nimetoa tarehe na majina:

"Shikamoo mzee. Nimepokea tangazo la kuhusu wanyama lililotumwa kwenye grupu. Mkataba wangu, ambao nakala yake naambatanisha, unaruhusu mbwa wangu kwa kifungu cha 9 na unaendelea mpaka mwisho wa muda wake. Sijakubali kubadilisha kifungu hicho wala kuongeza malipo juu ya kodi iliyoandikwa. Niko tayari kufuata kanuni za usafi, usalama na utulivu kuhusu mbwa, na tayari nimechukua hatua zifuatazo kuhusu kubweka kwake. Kama kuna malalamiko mahususi naomba niandikiwe tarehe na saa ili nirekebishe. Nitaendelea kulipa kodi kama kawaida. Nipo tayari kukutana tuzungumze siku utakayopenda. Asante sana mzee."

Barua haina matusi, haina "nitawapeleka mahakamani", haina hadithi ndefu ya jinsi anavyompenda mbwa. Ina mambo manne: mkataba unasema nini, sijakubali mabadiliko, naondoa kero, nalipa. Ile sentensi ya "sijakubali" ndo roho ya barua nzima, maana inaondoa kabisa uwezekano wa kimya chake kusomwa kama ndiyo. Na heshima iliyomo sio ya mapambo, mwenye nyumba ni mtu mzima aliyenunua jengo kwa pesa yake na labda kaambiwa na ajenti kwamba hili ni jambo dogo, ukimpa njia ya kurudi nyuma bila kuaibika mara nyingi ataichukua.

Aliichukua. Jibu la ajenti lilikuwa la mistari mitatu, kwamba mmiliki amepitia mkataba, ruhusa ya kifungu cha 9 itaendelea mpaka muda uishe, ada haitamhusu, na zitatolewa kanuni za kamba na lifti ambazo wote watafuata. Dada akahifadhi imeili hiyo akaipiga na skrinishoti. Kwenye grupu hakuandika chochote cha kujitapa, na alifanya vizuri.

Sasa mama wa paka. Huyu kaishi jengo hilo miaka mingi kuliko wote, analipa mwezi kwa mwezi, hana karatasi yoyote. Yule mzee alijua paka wapo, akija kupokea kodi walikuwa wanajipitisha miguuni kwake, hakuwahi kusema kitu. Mama akasikia ya dada yamekwisha vizuri akadhani na yake yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Upangaji wa mwezi kwa mwezi unajirudia kila mwezi, na mahali pengi mwenye nyumba anaweza kubadilisha masharti ya miezi inayokuja akitoa notisi inayotakiwa. California kwa mfano ni notisi ya maandishi ya siku 30. Kwa hiyo tatizo la ile meseji kwa upande wa mama lilikuwa dogo zaidi, ni la muda na namna ya kutoa notisi: ilitumwa kwenye grupu katikati ya mwezi, mama hayumo hata kwenye grupu kwa sababu simu yake ni ya kitochi, aliambiwa na mlinzi. Hiyo inampa haki ya kudai notisi halali ianze upya. Inampa muda tu, haimpi ruhusa ya kudumu.

Inauma kwa sababu mama ndo aliyestahili kulindwa zaidi kwa jinsi mtu wa kawaida anavyoona haki, yaani miaka yote hiyo mwenye nyumba anajua, anakubali, anachukua kodi, leo unamwambia awatoe. Kuna sehemu sheria imeliona hilo. New York City wana sheria inayosema kama mkataba unakataza wanyama lakini mpangaji kwenye jengo la familia tatu au zaidi anaishi na mnyama waziwazi, mwenye nyumba au wawakilishi wake wanajua, na miezi 3 ikapita bila kufungua shauri, lile katazo linahesabiwa limeachwa kwa mnyama huyo. Ujerumani mahakama yao ya juu ya shirikisho ilisema tarehe 20 Machi 2013 kwamba katazo la jumla la mbwa na paka kwenye mkataba wa fomu, yaani ulioandaliwa tayari mpangaji asaini tu, ni batili, lazima yapimwe maslahi ya pande zote kwa kila mnyama. Jimbo la Victoria huko Australia tangu tarehe 2 Machi 2020 mwenye nyumba anayetaka kumkatalia mpangaji mnyama ndo anatakiwa aende kwenye baraza linaloamua migogoro ya nyumba ndani ya siku 14 baada ya kuombwa, asipoenda inahesabiwa amekubali. Na England sheria ya haki za wapangaji ya mwaka 2025 imempa mpangaji wa nyumba binafsi haki ya kuomba akae na mnyama na mwenye nyumba hawezi kukataa bila sababu ya maana, anatakiwa ajibu ndani ya siku 28, tarehe iliyowekwa ya kuanza kutumika ni 1 Mei 2026. Nazitaja sio kwa kumtamanisha mtu asiyeishi huko, nazitaja kwa sababu zinaonyesha kitu cha kutafuta kwenye sheria ya kwako: kuna kipengele kinachosema mwenye nyumba akijua akanyamaza basi amekubali? Ni nani anatakiwa aende barazani, wewe au yeye? Maswali hayo mawili ndo yangeamua ya mama.

Tulichoweza kumsaidia ni kumwandikia barua ya kuomba muda, na kueleza kwamba paka wamekuwepo kwa kujulikana miaka yote bila lalamiko hata moja. Majirani wanne wakasaini chini kuthibitisha. Mwenye nyumba akakubali miezi mitatu, akakataa ruhusa ya kudumu. Mama akahama na paka wake. Alirudishiwa dipoziti yote, na hilo halikuja lenyewe: siku ya kukabidhi tulipita chumba kwa chumba tukiwa na ajenti, picha zikapigwa, mazulia yakanuswa, milango ikaangaliwa kama ina mikwaruzo, na ajenti akasaini karatasi kwamba hakuna uharibifu. Bila ile karatasi naamini wangemkata kwa kisingizio cha harufu ya paka.

Jambo moja la kando ambalo halikuwa la dada wala la mama lakini liliulizwa na mpangaji mwingine mwenye ulemavu wa macho anayetarajia kupata mbwa kiongozi. Mbwa wa namna hiyo kwenye sheria za nchi nyingi hahesabiwi kama mnyama wa kufuga. Marekani, sheria ya haki ya makazi, ambayo mwaka 1988 iliongezewa ulinzi wa watu wenye ulemavu, inamtaka mwenye nyumba alegeze kanuni zake kwa mnyama msaidizi anayehitajika, na hatozwi ada ya mnyama, ingawa majengo madogo anamoishi mwenye nyumba mwenyewe yana msamaha. Marufuku ya jengo haimgusi kirahisi, ila aombe kwa maandishi mapema na aambatanishe uthibitisho wa uhitaji pale sheria yake inapotaka.

Mkataba wa dada ukakaribia kuisha. Hapa nguvu ilihama, na nilimwambia hivo miezi miwili kabla ili asijipe moyo wa bure. Mkataba ukiisha, kifungu cha 9 kinaisha nao, na mwenye nyumba ana haki ya kutoa mkataba mpya usio na mbwa isipokuwa pale sheria ya mahali hapo inamzuia. Barua ile iliyofanya kazi katikati ya mwaka isingefanya kazi hapo. Alichokuwa nacho ni rekodi: kodi haijachelewa hata mara moja, jirani wa chini yuko tayari kusema mbwa hasikiki tena, fleti iko safi. Akaomba akutane na mwenye nyumba uso kwa uso, akaenda na pendekezo lake limeandikwa tayari.

Walivutana kidogo kwenye dipoziti. Mwenye nyumba alitaka ada ya mwezi irudi kwa jina jingine, dada akasema bora niongeze dipoziti kiasi fulani ambacho nitarudishiwa nisipoharibu, kuliko ada ambayo hairudi, na kwa kuwa kiasi hicho hakikuvuka kinachoruhusiwa kisheria wakakubaliana. Mkataba mpya una kifungu kinachosema mbwa aliyepo sasa anaruhusiwa maisha yake yote kwenye fleti hiyo, hakuna mbwa mwingine atakayeletwa baada yake bila ruhusa mpya ya maandishi, na kanuni mpya za jengo hazitaondoa ruhusa hiyo ndani ya muda wa mkataba. Hiyo sentensi ya mwisho niliiandika mimi, mwenye nyumba akaisoma mara mbili, akaweka saini. Kifungu cha 14 nacho kimeongezewa maneno "isipokuwa pale mkataba huu unaposema vingine". Nakala ziko tatu, na ya dada anayo mwenyewe.